Pampu ya umeme kwenye Triumph TR4A: kwanza tafuta cha kuizima

Kijana mmoja wa Kamalondo, hapa Lubumbashi, ameniandikia hivi: "Papa fundi, mjomba aliniachia Triumph TR4A ya 1966, usukani kulia, aliinunua Ndola zamani. Asubuhi inakimbia vizuri. Mchana wa mwezi wa kumi, nikikwama kwenye foleni ya peaji, kituo cha kulipia barabara, njia ya Likasi, inakohoa mara mbili tatu halafu inazima. Nikingoja nusu saa inawaka kama hakuna kilichotokea. Makanika wangu anasema pampu ya esansi (petroli) iliyo kwenye injini imechoka. Anataka kunifungia pampu ya umeme ya Toyota, ameitoa kwenye tanki la gari iliyopata ajali. Anasema ni kazi ya saa mbili. Nimkubalie?"

Mwanangu, pampu ya umeme unaweza kuifunga, na ikifungwa vizuri utaifurahia. Lakini hiyo ya Toyota mrudishie makanika wako kwa heshima, na hizo saa mbili usizitegemee. Kufunga pampu kweli ni saa mbili. Kinachokula muda ni kuitengenezea njia ya kuzimika yenyewe, na wengi hapa mjini hawaigusi kabisa sehemu hiyo.

Nianze na ya Toyota. Pampu ya ndani ya tanki imetengenezwa kwa injini ya kudunga mafuta, nayo husukuma kwa takribani bar 3. Kabureta zako, ziwe SU au Stromberg (TR4A zilitoka na aina zote mbili), zinataka kama bar 0.2, yaani psi 3 kwenye geji za Kiingereza. Tofauti ni mara 15. Kinachoizuia esansi isifurike kwenye kibakuli cha kabureta ni sindano ndogo inayobanwa na boya, na boya halina nguvu ya kushindana na bar 3. Sindano itasukumwa, kibakuli kitajaa, esansi itamwagika nje. Sasa fungua boneti uangalie inamwagikia wapi: kwenye injini hii kabureta na mabomba ya moshi viko ubavu mmoja, kabureta juu, moto chini yake. Usikubali pia ukiambiwa kwamba kidhibiti cha msukumo kitamaliza tatizo. Vidhibiti vidogo vya magari ya kabureta havikutengenezwa kupokea bar 3 bila tiyo (bomba jembamba) ya kurudisha esansi tankini, na TR4A haina tiyo hiyo. Zaidi ya hayo, pampu ya ndani ya tanki hupozwa na esansi inayoizunguka na haina nguvu ya kuvuta. Ukiifunga nje kwenye shasi, haitadumu.

Kabla hujanunua chochote, hakikisha kwamba kweli ni esansi. Gari inayozima kwenye joto na kuwaka baada ya kupoa inaweza kuwa na ugonjwa wa bobini, koili inayotengeneza cheche za plagi. Bobini iliyozeeka hupoteza cheche ikipata moto, ikipoa inarudi, na dereva atakula kiapo kwamba esansi ndiyo ilikatika. Kwa hiyo ikizima tena peajini, usikae kivulini kungoja. Chomoa waya mmoja wa plagi, weka plagi ya akiba mwishoni, gusisha chuma chake kwenye injini mbali na kabureta, na mwenzako azungushe demarere (starta). Hakuna cheche, au cheche ni ya rangi ya chungwa na nyonge? Acha pampu kabisa, tafuta bobini na kondensa. Cheche ipo na ni ya buluu? Sasa lowesha kitambaa kwa maji, kifunge kwenye pampu ya zamani na kwenye tiyo ya chuma inayotoka hapo, subiri kidogo, jaribu tena. Ikiwaka haraka, umepata jibu: esansi ilikuwa inachemka ndani ya tiyo, na pampu haiwezi kusukuma mvuke. Fungua pia kifuniko cha tanki. Ukisikia tanki likivuta hewa kwa nguvu, tundu lake la hewa limeziba, na hapo hata pampu tatu hazitakusaidia.

Kwa Lubumbashi mimi naamini ni mvuke, ingawa sijaiona gari yako. Mji wetu uko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa hapa inakandamiza pungufu kwa karibu sehemu moja ya nane kuliko pwani. Kadiri hewa inavyokandamiza kidogo, ndivyo esansi inavyochemka mapema. Ongeza joto la mwezi wa kumi kabla mvua hazijaanza, ongeza foleni ambayo haipitishi upepo kwenye rejeta (rediata). Halafu pampu yako ya zamani imefungwa kwenye injini yenyewe, inavuta esansi kutoka nyuma kabisa ya gari. Kuvuta kunapunguza msukumo ndani ya tiyo, na kukipungua, esansi inachemka upesi zaidi. Kwenye TR4A tiyo inayotoka pampuni kwenda kabureta huzunguka mbele ya injini na kupita karibu na themostati. Aliyeichora hakuwa na peaji ya Likasi akilini.

Hapo ndipo pampu ya umeme inapopata kazi ya maana. Ikiwa nyuma, karibu na tanki, mahali pa baridi, inasukuma badala ya kuvuta, na tiyo nzima hadi mbele inakuwa na msukumo. Gari ikikaa wiki mbili bila kuwashwa, itajaza vibakuli kwa sekunde chache badala ya kuichosha batri. Lakini nisikudanganye. Esansi inayochemka ndani ya vibakuli vya kabureta baada ya kuzima injini, hiyo pampu haiizuii. Dawa yake ni bati la kukinga joto kati ya kabureta na bomba la moshi, vipande vya kukinga joto chini ya kabureta viwepo na visiwe vimepasuka, na ile tiyo ya mbele uisogeze mbali na themostati au uivalishe kinga. Fanya haya kwanza. Yana bei ndogo, na inawezekana safari ya Likasi ikaisha hapo. Hata pampu ya zamani ya AC, yenye kikombe cha kioo na mkono wa kupampu, hupona kwa kubadilishiwa membrani na valvu tu. Seti yake inapatikana kwa wauzaji wa vipuri vya Triumph Uingereza, na ni bahasha ndogo.

Ukiamua umeme bado, agiza pampu ya kabureta, ya bar 0.15 hadi 0.2, ya volti 12. Usihangaike na kubwa. TR4A ina injini ya sentimita za ujazo 2,138 na nguvu za farasi zipatazo 104, na hata ukiikanyaga hadi mwisho haitamaliza lita 40 kwa saa. Pampu ndogo za mraba aina ya Facet hutosha. Ukipata SU, ni pampu ya heshima: MGB ilitoka nayo kiwandani, imefungwa nyuma, na wenye MGB wa zamani wanajua kuigonga kwa spana platini zake, yaani vigusio vya umeme, zikishikana. Unaponunua, geji ya msukumo iwe mkononi, maana maandishi ya kwenye sanduku si kipimo. Ikizidi bar 0.2, hapo kidhibiti kidogo kinafaa.

Jambo ambalo makanika wako huenda hakuliwaza: chanya au hasi? TR4A yako inaweza kuwa na chanya ya batri kwenye masi (chuma cha bodi), kinyume na magari yote anayoyatengeneza kila siku. Angalia waya mnene unaoshika bodi unatoka upande gani wa batri. Inawezekana mjomba alishageuza alipobadilisha dinamo, inawezekana hakugusa. Pampu za kisasa zina vipande vya elektroniki ndani, na ukizifunga kinyume unaziua kabla hazijapiga pigo la kwanza. Agiza ile iliyoandikwa kwa upande wako. SU za platini zisizo na dayodi hukubali pande zote mbili.

Mahali pa kuifunga: nyuma, kwenye shasi, karibu na tanki na chini ya usawa wake iwezekanavyo, mbali na bomba la moshi, nje ya buti. Usiiweke ndani ya buti kwa kisingizio cha vumbi. Kiungo kikivuja, mvuke wa esansi utaingia hadi ulipokaa. Vumbi na mawe ya barabara zetu utayazuia kwa kipande cha bati mbele yake. Pampu ya mraba isimame na tundu la kutolea likiwa juu, ikae kwenye raba zake, la sivyo utasikia tak-tak-tak ndani ya gari mpaka uichukie. Kabla yake weka chujio lenye kikombe kinachoonyesha ndani. Kikombe cha kioo cha pampu ya zamani ndicho kilichokuwa kinakuonyesha maji na taka, na sasa unakiondoa. Kwa anayejaza wakati mwingine kwenye bidoni za akina Kadhafi, wauza esansi wa kando ya barabara, chujio hilo ni lazima. Tiyo za mpira ziwe na alama ya SAE J30 R9, zile nyeusi za kupima kwa mita sokoni hulainika na kupasuka. Kumbuka tanki la TR4A liko juu ya ekseli ya nyuma. Ukichomoa tiyo likiwa limejaa, esansi itashuka yenyewe hadi iishe, kwa hiyo subiri lipungue. Ondoa waya wa batri. Na asiwepo mtu wa sigara wala wa kuchomelea jirani, jambo ambalo kwenye garaji zetu lazima uliseme kwa sauti.

Sasa tufike kwenye kuizima.

Pampu ya zamani inaendeshwa na kamshafti ya injini. Injini ikisimama, nayo inasimama, hakuna anayeiambia. Wema huo hukuwahi kuulipia na ndio unaoutupa siku unapofunga ya umeme. Ya umeme inaendelea mradi kontakti (swichi ya funguo) imewashwa. Fikiria umegongana na basi dogo, injini imezima, tiyo imechomoka karibu na kabureta, wewe umepigwa na usukani huwezi kufikia funguo. Pampu ya lita 60 kwa saa itamwaga lita moja kila dakika juu ya bomba la moshi lililo moto. Ndiyo maana gari yenye pampu ya umeme inayowaka moja kwa moja kutoka kontakti siwezi kuipitisha, hata ikiwa imefungwa kwa usafi wa namna gani.

Kuna swichi ya mgongano. Ndani yake mna kigololi kilichoshikwa na sumaku. Pigo kubwa likija, kigololi kinaruka na kukata umeme, halafu unakirudisha kwa kubonyeza juu. Land Rover, Ford na Jaguar nyingi zilizokuja baadaye zinayo, kwa hiyo itafute kwenye magari ya kuvunjwa kabla hujaagiza mpya. Ifunge wima, kwenye chuma kigumu cha bodi. Ukiifunga kwenye bati jepesi itaruka kwenye kila shimo la barabara.

Hiyo peke yake haitoshi, kwa sababu injini inaweza kuzima bila kugongana. Gari imepinduka polepole mtaroni, au tiyo imekatika ukiwa unaendesha. Hapo inahitajika swichi ya msukumo wa oili: injini ikizunguka, oili ina msukumo na pampu inapata umeme, injini ikisimama, msukumo unashuka na pampu inanyamaza. Kwenye gari yako geji ya oili inalishwa na kitiyo kinachotoka kwenye bloku. Weka hapo kiungo cha njia tatu cha shaba nyeupe au chuma, swichi ikae upande mmoja. Hakikisha nyuzi za skurubu zinalingana, usilazimishe za Kifaransa ziingie kwenye za Kiingereza. Kiungo hicho kikipasuka unamwaga oili yote.

Na hapa pana mtego. Swichi ya kawaida ya taa ya oili hufanya kinyume: inashika pale ambapo oili HAINA msukumo. Lazima ununue ile inayoshika msukumo unapokuwepo. Nimeona watu wakitumia ile ya kawaida pamoja na rele (swichi inayoendeshwa na umeme) ya kugeuza, na kwa karatasi inafanya kazi. Mimi siipendi. Waya wa swichi ukikatika, pampu inabaki inafanya kazi milele na hutajua. Kifaa cha usalama kikiharibika kinapaswa kuzima pampu.

Wengine watakuambia tumia rele inayosoma mapigo ya bobini, kama zile za Golf za zamani zenye K-Jetronic, mfumo wa kudunga mafuta. Ni nzuri sana, ila zimetengenezwa kwa hasi kwenye masi. Kwa gari ambayo haijageuzwa, swichi mbili nilizotaja ni vyuma tu vinavyogusana na kuachana, hazijali chanya wala hasi.

Utauliza: kama pampu inangoja oili na oili inangoja injini, gari itawakaje? Itawaka na esansi iliyobaki kwenye vibakuli, na oili itapata msukumo kabla haijaisha. Gari ikiwa imekaa muda mrefu na vibakuli vimekauka, weka kitufe cha kubonyeza kinachorudi chenyewe, kiruke swichi ya oili tu. Bonyeza sekunde chache, sikiliza mapigo yakipungua kasi, washa. Kisiwe swichi ya kuwasha na kuacha, maana siku moja utaisahau. Na kisiruke swichi ya mgongano hata kidogo.

Njia ya umeme basi ni hii. Gari ikiwa bado na waya za Lucas, nyeupe inatoka kontakti bila fyuzi. Chukulia hapo, na papo hapo weka fyuzi yake ya ampea 5. Kisha swichi ya mgongano, kisha swichi ya oili ikiwa na kitufe sambamba nayo, kisha waya wa milimita za mraba 1.5 hadi nyuma, pampu, na masi yenye waya wake hadi chuma kilichokwanguliwa rangi. Pampu inakula ampea 1 hadi 2, kwa hiyo rele si lazima. Swichi ya siri chini ya dashibodi ukitaka ongeza, inasumbua wezi. Ila usiihesabu kuwa ya usalama, kwa sababu inamtaka mtu mwenye akili timamu aifikie.

Pampu ya zamani usiiache katikati ya njia, esansi ikipita ndani yake. Membrani yake ikipasuka, pampu mpya itasukuma esansi moja kwa moja kwenye oili ya injini, oili iwe nyepesi, beringi ziende. Itoe, ziba tundu lake kwa kibao cha chuma na gasketi mpya, boliti mbili zilezile. Ukisahau kibao, oili itaruka nje.

Halafu jaribu. Washa kontakti bila kuwasha injini: lazima pampu iwe kimya. Ikipiga, kuna uliporuka swichi, rudi nyuma. Bonyeza kitufe: mapigo ya haraka, kisha yapungue vibakuli vikijaa. Yasipopungua, ama unavuta hewa mahali, ama esansi inamwagika, kwa hiyo achia na uchungulie. Washa injini, iache itulie, kisha gonga swichi ya mgongano kwa kiganja mpaka iruke. Pampu inyamaze hapohapo na injini ife vibakuli vikiisha. Ikiendelea kuunguruma kwa dakika kadhaa, swichi haiko kwenye njia. Mwisho rudisha swichi, washa tena, kisha izimishe injini kwa gia na breki bila kugusa funguo, kontakti ikibaki imewashwa, na usikilize upande wa nyuma: mapigo lazima yaishe ndani ya sekunde chache.

Wiki ya kwanza, kila jioni injini ikiwa baridi, pitisha kidole kwenye kila kiungo na ukinuse, kuanzia tankini hadi kabureta. Ile pampu ya zamani, ukishaibadilishia membrani, ifunge kitambaa uiweke butini pamoja na gasketi yake, tiyo yake ya chuma na kipande cha mpira cha kuruka pampu ya umeme. Ya umeme ikifa Likasi, boliti mbili zitakurudisha nyumbani.